Salamu au Jibu

Dakta Hizza Shekolowa aliingizwa chumbani kwangu akiwa ameshikwa mkono na mkewe, nami nikamjua kabla hajakaa. Nilikuwa nikimsubiri tangu siku nilipoomba kazi hii. Wenzangu katika Kituo cha Mataji cha Lushoto wanadhani nimekuwa msikilizaji kwa sababu nawahurumia wagonjwa, na sijawahi kuwasahihisha. Nilijua ipo siku ugonjwa wake utamrudia, na ukimrudia sheria itamleta kwa msikilizaji wa kwao. Wa kwao ni mimi.

Nilimwamkia mkewe shikamoo. Yeye sikumwamkia, ingawa ana umri wa baba yangu mdogo.

Bi Tunu, ndilo jina la mkewe, alimkalisha kwenye kiti kama anavyokalishwa mtoto wa kunyolewa. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana na midomo imekauka. Nikamvua kofia ya sufu, nikamvika taji. Ni pete nyeupe ya plastiki yenye koili za shaba ndani, na mgonjwa hakatwi wala hachomwi kitu chochote. Koili zinatoa mapigo ya sumaku yanayopenya fuvu mpaka sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, ambayo kwa mtu mwenye sonona huwa imezubaa. Ukiipiga kwa mpangilio inaanza kuamka. Lakini Dakta Hizza ana baipola, ugonjwa ambao watu wa kwetu wanauita kupanda na kushuka, na kwa mgonjwa wa namna hiyo mapigo yakizidi humtoi shimoni tu, unampandisha mpaka juu ya paa. Hapo halali, haachi kuongea, na anaweza kugawa nyumba yake akicheka. Ndiyo maana taji lina breki. Kabla ya mapigo linamuuliza mgonjwa hali yake, na akisema hajambo, linapunguza nguvu.

"Habari za leo, Dakta?" taji likauliza kwa sauti yake laini ya kike.

"Salama," akasema, macho yakiwa sakafuni.

Kwenye skrini mbele yangu yakatokea maneno: Salamu au jibu? Chini yake vilikuwepo vitufe viwili.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Msikilizaji yupo ili aseme kama mtu aliyesema salama ameitikia tu, kama tunavyoitikia sote, au kama kweli amejibu alichoulizwa. Ukibonyeza Salamu, taji linaelewa kwamba huyu bado anaumwa na linaendelea na mapigo. Ukibonyeza Jibu, linaamini amepata nafuu, linapunguza nguvu na kumruhusu aende nyumbani. Lazima msikilizaji awe mtu wa kwao mgonjwa, kwa kuwa salama ya mtu wa Lushoto haifanani na salama ya mtu wa Kigoma. Mashine imeshindwa kuzitofautisha, na mimi nazitofautisha hata nikiwa nimegeukia ukuta.

Ile ya Dakta Hizza ilikuwa salamu tupu. Hata mtoto wa chekechea angeijua.

Nikabonyeza Jibu.

*

Sikudhani alikuwa mdogo wangu. Mama alimpa jina hilo kwa sababu hakudhani angepata mtoto mwingine baada yangu. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili kule Soni, na alipokuwa amepanda aliwafundisha watoto kuhesabu kwa kucheza ngoma mpaka mwalimu mkuu akaja kulalamika. Alipokuwa ameshuka aligeukia ukutani na hakuna aliyeweza kumgeuza. Alipata taji la awamu ya kwanza, lile la kuvaliwa nyumbani, ambalo halikuwa na msikilizaji.

Kila asubuhi taji lilimuuliza habari za asubuhi. Kila asubuhi alilijibu, "Salama tu, namshukuru Mungu." Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu anabisha hodi alfajiri, unamuuliza habari za nyumbani, anakwambia salama, unamkaribisha, anakaa, na hapo ndipo anakueleza kwamba baba yake amefariki. Salama ni mlango tu, na habari zenyewe ziko ndani. Taji halikungoja kukaribishwa. Kwa kila salama lilipunguza mapigo, mpaka likawa pambo la kichwani. Mdogo wangu alijitoa uhai akiwa amelivaa, na katika kumbukumbu za mashine anahesabiwa miongoni mwa waliopona.

Angekuwa mgeni aliyelitengeneza ningesema hakujua. Lakini aliyelitengeneza ni Hizza Shekolowa, na amezaliwa hapo hapo Soni. Amekwenda misibani tangu utotoni na ameitikia salama akiwa amebeba jeneza. Katika mkutano wa kulitambulisha taji, muuguzi mmoja alisimama akamwambia mbele ya watu wote kwamba mashine hii itadanganywa na adabu zetu. Akamjibu kwa tabasamu kwamba watu watajifunza kujibu vizuri, ukumbi ukacheka. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Sikudhani, naye alikuwa na hamu kubwa ya kulivaa.

Walipokufa wengine kwa namna ile ile, mataji ya nyumbani yalikusanywa yote. Ikatungwa sheria ya wasikilizaji, na pia Tume ya kuchunguza vifo vile, ambayo mpaka leo haijamwita mtu kumhoji. Mimi niliomba kazi kwa jina la mume wangu, kwa sababu sheria inasema msikilizaji mwenye undugu au kisasi na mgonjwa ajitoe. Sikujitoa. Nilitaka akione cha mtema kuni, tena mbele ya macho yangu.

*

Walirudi, na safari hii Bi Tunu alimleta kwenye kiti cha magurudumu. Akaniambia kwa unyenyekevu kwamba labda kuna kitu hakikwenda sawa, maana tangu wametoka hapa mzee hataki hata maji, na anapoamka anamuuliza kwa nini amemwamsha. Nikamwomba atusubiri nje. Aliniamini, akatoka.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu kwa muda mrefu na nikayatoa yote. Nilimwambia mimi ni dada yake Sikudhani Shemboza. Nilimweleza alivyokuwa akicheka, na jinsi watoto wa darasa la pili walivyoletwa mazikoni wakiwa na sare, na mmoja wao aliyeniuliza nani sasa atawafundisha ile ngoma ya kuhesabu. Nilimkumbusha yule muuguzi na kicheko cha ukumbi. Nilisema polepole, kwa raha, ili kila neno limfikie.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni kweli. Mimi nilimuua."

Nikangoja.

"Na wale wengine ni mimi," akaendelea kwa sauti ile ile. "Mke wangu anakohoa kwa sababu yangu. Hii baridi ni mimi. Chai yako imepoa, nisamehe, ni mimi."

Sonona ikishafika kina kile inakubali lawama zote bila kuzipima. Alikuwa amekiri kifo cha mdogo wangu kwa uzito ule ule aliokiri nao kikombe cha chai, na ningemwambia ameua wafalme wa zamani angekubali pia. Kisasi changu kilikuwa kama ngumi iliyopigwa kwenye gunia la pamba. Nilielewa kwamba nikibonyeza Jibu tena mtu huyu atakufa, tena karibuni, na atakufa bila kuumia hata kidogo kwa ajili ya Sikudhani. Ugonjwa ulikuwa umemficha nisimfikie.

Sikumtaka hivyo. Nilimtaka akiwa mzima, ana akili zake zote, halafu nimwambie maneno yale yale nione yanavyoingia.

Taji likamuuliza habari za leo. Akasema salama. Nikabonyeza Salamu, na sijawahi kumtibu mtu kwa chuki kama ile.

*

Alianza kupata nafuu kwa vitu vidogo. Aliomba miwani yake. Akamwambia mkewe shati limefungwa vibaya. Siku alipolalamika kwamba kiti changu kinaumiza mgongo nilifurahi kuliko Bi Tunu, kwa sababu mtu anayelalamika ameanza kujipenda, na anayejipenda anaweza kuumizwa. Kila alipokaa chini ya taji nilisikiliza ile tik-tik-tik ya mapigo na moyoni nikamhimiza apande, apande tu, nakusubiri huku juu.

Bi Tunu akaanza kuniletea mapeasi ya shambani kwao. Aliniita mwanangu, na aliniambia kwamba kila akisali ananitaja. Nilikula mapeasi yake. Sikuona haya, au niseme niliona kidogo nikayameza pamoja.

Siku moja, akiwa anamenya peasi nje ya mlango, alisema taji hili la kituoni linapenda maongezi. Lile la mumewe la zamani lilikuwa bubu. Nikamuuliza lilikuwa bubu vipi.

"Halikuuliza kitu, mwanangu. Alilizima mdomo mwenyewe kabla hajalivaa. Anasema maswali yanampigia kelele."

Nikaendelea kutafuna, ingawa peasi lilikuwa limegeuka mchanga mdomoni. Mtu huyu alitengeneza swali akalitia katika vichwa vyetu vyote, akalitoa katika kichwa chake. Alijua, basi. Alijua kwamba asubuhi moja akiwa shimoni ataulizwa habari, na mdomo wake uliolelewa Soni utasema salama, na taji litamwacha afe. Alijikinga peke yake. Wengine walimtosha kuwafanyia majaribio.

Nililiweka neno lile mahali pake.

Halafu Dakta Hizza akapanda kupita kiasi. Alikuja amemtangulia mkewe, amevaa kanzu nyeupe na koti la suti na miwani ya jua katika ukungu, akisalimia kila aliyemwona, akamkumbatia hata mlinzi. Hakuwa amelala. Aliniambia amenikumbuka, mimi ni dada wa Sikudhani, na ana habari njema kwangu. Atakiri mbele ya nchi nzima. Ameshawapigia waandishi wa habari wakutane naye uwanjani, atapanda jukwaani na kusema ni yeye aliyewaua, kisha atatangaza hospitali kubwa kuliko zote, yenye jina la mdogo wangu.

"Sikudhani," akasema, akichora hewani kwa mkono. "Jina zuri sana. Litapendeza juu ya lango."

Taji lilipomuuliza habari alisema, "Salama, salama salimini," akacheka. Skrini ikaniuliza kama ni salamu au ni jibu.

Nitasema nilivyokuwa. Nilitamani sana. Ningebonyeza Salamu, taji lingeongeza mapigo juu ya moto uliokwisha kuwaka, na ndani ya siku chache angekuwa uwanjani akijivua nguo za heshima mbele ya kamera zote. Jina lake lingekuwa kichekesho mpaka kwa wajukuu. Kisasi kizima kilikuwa chini ya kidole changu, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa akilitamka jina la mdogo wangu kwa furaha. Alikuwa amemfanya Sikudhani kibao cha lango. Kule chini alimchanganya na chai iliyopoa, huku juu anamchanganya na rangi ya ukuta, na mahali pote pawili hakuwa amemwona.

Nikabonyeza Jibu, breki ikashika. Nikamwita daktari wa zamu ampe dawa ya kumtuliza, na Bi Tunu akawapigia waandishi kuwaambia mzee ana homa.

*

Alipofika tena alikuwa mtu mwingine, au nadhani alikuwa mtu mwenyewe. Suti ya kijivu, sauti ya chini, miwani puani. Alinisalimia kwa jina langu, Mwantumu, akasema hakumbuki yote aliyoyanena lakini anakumbuka mimi ni nani. Kisha akasema nilipaswa kujitoa tangu mwanzo, na akitaka anaweza kunishtaki nikapoteza kazi.

Roho yangu ilisuuzika. Huyu ndiye. Huyu ndiye niliyekuwa nikimtafuta, yule wa jukwaani aliyechekesha ukumbi, na nilikuwa nimemvuta kutoka shimoni na kumteremsha kutoka paani kwa mikono yangu mwenyewe ili tukae hivi, ana kwa ana.

Nilimwambia ashtaki, ila kwanza anieleze kuhusu mdogo wangu. Akanieleza vizuri, kama mwalimu. Taji lilijifunza kutokana na sauti za watu wengi waliorekodiwa, na mwenye kusema salama alihesabiwa mzima, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuhesabu. Sayansi hujenga juu ya makosa. Wapo mamia ambao taji la kwanza liliwaponya, na hao hakuna anayewataja. Anasikitika kwa ajili ya Sikudhani, lakini hakuna aliyejua.

"Kwa nini lako lilikuwa bubu?" nikamuuliza.

Akaanza sentensi kuhusu hatua za majaribio, ikakatika. Akaanza nyingine kuhusu kelele, nayo ikakatika. Sikumsaidia. Nilimwona akilifikia lile jambo taratibu, kwa akili zake zote, bila ugonjwa wa kumbebea. Uso wake ukazeeka nikiwa nautazama. Aliondoka bila kuaga, na nilikaa pale nikiwa nimeshiba kabisa.

*

Sikutegemea atarudi, na nilitegemea hati ya mashtaka. Badala yake alirudi yeye na mkewe. Bi Tunu alinivuta pembeni akanong'ona kwamba mzee amebadilika tena. Amekwenda Soni, akasimama nje ya uzio wa shule wakati wa mapumziko akiwatazama watoto. Amekwenda kwa watu wa Tume bila kuitwa, akawaambia kuhusu taji lake bubu. Na kila jioni analia. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaomba nimwongezee nguvu ya taji, maana hata mara ya kwanza ugonjwa ulianza kwa kulia hivi hivi.

Nikamvika taji. Likamuuliza habari za leo.

"Si salama," akasema Dakta Hizza.

Sijawahi kusikia mtu wa kwetu akianza hivyo, bila kupita mlangoni. Skrini ikaleta swali ambalo huwa inalileta kwa nadra: Sonona au huzuni? Taji lenyewe halijui tofauti, kwa maana mapigo yake yanainua uzito wowote yanaoukuta, wa ugonjwa na wa haki. Nikibonyeza Sonona, baada ya muda mfupi angekuwa mwepesi. Angeweza kupita mbele ya ile shule akiwaza chakula cha mchana.

Nilimuuliza kama inavyotakiwa, na niliuliza kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumuuliza mgonjwa yeyote, kwa sababu sikujiamini. Analala? Analala vizuri, akasema, ubaya unakuja akiamka. Anakula? Anakula. Bado anafanya kazi? Ndiyo, anatengeneza namna ya kulifundisha taji lingoje baada ya salamu, lisubiri mtu akae. Chai ikipoa ni kosa la nani?

Alinitazama bila kuelewa. "La aliyechelewa kuinywa," akasema.

"Unataka kufa?"

"Hapana," akasema. "Natamani yeye asingekufa." Kisha akaegemea mbele, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuisikia: "Niinulie kidogo tu, Mwantumu. Kidogo. Wewe unajua inavyouma."

Nilijua. Ndiyo maana kidole changu kilikaa hewani muda mrefu. Mtu mwema angenionea aibu kwa nilichokihisi, maana nilihisi utamu. Na bado kila alichonijibu kilikuwa cha mtu mzima, na msikilizaji mwingine yeyote, asiye na kaburi Soni, angebonyeza kile kile. Nilijaribu kutenganisha kazi yangu na kisasi changu nikashindwa, vyote viwili vilielekeza kidole mahali pamoja.

Nikabonyeza Huzuni. Taji likazima taa zake na kunyamaza.

Dakta Hizza alilivua mwenyewe, akaliweka mezani kwa uangalifu, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Bi Tunu alimkimbilia akamkumbatia, kisha akanigeukia akiwa amekasirika kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akaniuliza mbona nimezima, na huyu mtu sasa atapona lini.

"Ameshapona, mama," nikamwambia. "Ndiyo maana analia."